Siku Saba Nje ya Kambi

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni. Somo: Hesabu 12:1-16)

 

Leo nataka tumfikirie mgonjwa ambaye huambiwa akae mbali na watu wake kwa muda, si kwa sababu amekosa, wala si kwa sababu amechukiwa, bali kwa sababu ya dawa aliyopewa. Nasema hasa na washirika wa mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi: Bahati, Maringo, Jericho, Kaloleni, Shauri Moyo, na kule mbele Dandora, Kayole na Umoja. Ninawataja ninyi kwa kuwa agizo la daktari lililo jepesi kwa mtu mwenye vyumba vinne huwa zito sana kwa mtu mwenye chumba kimoja.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Mbele ya shingo, chini ya koo, Mungu ameweka tezi ndogo yenye umbo kama la kipepeo. Madaktari huiita tezi ya thairoidi. Tezi hii hutengeneza homoni inayouamuru mwili uende kwa mwendo gani. Ili kuitengeneza, huhitaji iodini, madini ambayo sisi huyapata katika chakula na zaidi katika chumvi. Wazee wetu wa nyanda za juu walilijua rovu, ule uvimbe wa shingo unaotokea watu wakikosa iodini. Ndiyo sababu chumvi ya mezani huongezwa iodini kwa sheria hapa Kenya.

Lakini kuna ugonjwa mwingine wa tezi hiyo hiyo. Badala ya kulegea, hufanya kazi kupita kiasi. Mwili wote huwa kama gari ambalo dereva amekanyaga mafuta wala haondoi mguu. Moyo hupiga mbio hata mtu akiwa ameketi. Mikono hutetemeka hata chai ikamwagika. Hutokwa na jasho wakati wenzake wamevaa sweta. Hula sana na bado hukonda. Usingizi humkimbia. Pengine macho hutokeza. Aina moja ijulikanayo sana huitwa ugonjwa wa Graves, kwa jina la daktari Robert Graves wa Ireland aliyeueleza mwaka wa 1835. Katika aina hiyo kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoichochea tezi pasipo haja. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume.

Sasa fikirini habari hizi zikitokea katika mtaa ambamo mlango hutazamana na mlango. Mama akikonda, majirani hunong'ona kwamba ni ukimwi. Macho yakitokeza, mmoja husema amerogwa. Akikasirika upesi, mumewe husema, "Huyu siye niliyemwoa." Mama mkwe husema ni kiburi. Kumbe hasira ile na machozi yale yasiyo na sababu ni sehemu ya ugonjwa, sawa na kutetemeka kwa mikono. Basi mara nyingi mgonjwa huyu huanza kutengwa na watu kabla hajafika hospitali.

Akifika, akapimwa damu, daktari humweleza njia tatu za tiba. Kuna vidonge vya kuituliza tezi. Kuna upasuaji. Na kuna iodini yenye mionzi. Njia hii ya tatu ndiyo inayowatia watu hofu, maana neno "mionzi" huwakumbusha mabomu. Lakini si tiba ya jana. Ilianza mwaka wa 1941 katika mji wa Boston, Marekani, kwa kazi ya daktari Saul Hertz. Hekima yake ni rahisi kueleweka. Tezi ya shingoni huipenda iodini kuliko viungo vingine vyote; huivuta na kuiweka. Basi mgonjwa humeza kidonge kimoja, au maji kidogo katika kikombe, yenye iodini ya mionzi. Tezi huivuta kama ivutavyo ile ya chumvi. Ikiisha kuingia, ile mionzi huziharibu taratibu chembe za tezi zilizozidi kazi, na nguvu yake kubwa haifiki mbali. Huishia humo ndani ya tezi. Iodini iliyobaki mwilini hutoka, zaidi kwa mkojo, na kidogo kwa mate na jasho, hasa katika siku za kwanza.

Nguvu ya iodini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 8. Baada ya siku 16 hubaki robo. Baada ya siku 24 hubaki sehemu moja ya nane, na zaidi ya hayo mwili wenyewe umekwisha kutoa nyingi. Kwa hiyo hatari kwa wengine si ya daima. Ina siku zake, nazo huisha.

Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni mojawapo ya mahali ambapo madaktari wa Nairobi hutumia dawa za mionzi, na matumizi yake nchini husimamiwa kwa sheria. Watu wengi duniani wamepita njia hii. Mwaka wa 1991 Rais George Bush wa Marekani alishikwa na moyo uliopiga ovyo alipokuwa akikimbia kwa mazoezi. Ikaonekana ni ugonjwa wa Graves, naye akanywa iodini ya mionzi. Mkewe, Barbara, alikuwa ameupata ugonjwa huo huo kabla yake. Wote wawili waliishi mpaka mwaka wa 2018, mama akiwa na miaka 92 na mzee akiwa na miaka 94.

Lakini Ikulu aliyokaa Rais yule ina vyumba 132. Mama wa Bahati ana kimoja.

Sikilizeni sasa maagizo ambayo mgonjwa hupewa akitoka hospitali. Alale peke yake. Akae hatua mbili au zaidi kutoka kwa watu, asikae nao karibu kwa muda mrefu, na hasa ajitenge na watoto wadogo na wanawake waja wazito. Asimpakate mtoto. Atumie kikombe na sahani yake, na vioshwe vizuri. Nguo na shuka zake zifuliwe mbali na za wengine. Akienda chooni aketi, hata akiwa mwanamume, apitishe maji mara mbili, na anawe mikono sana. Mwenye mimba au anayenyonyesha hapewi dawa hii kabisa. Baada ya kuipata, mwanamke huambiwa angoje, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, kabla ya kushika mimba, na mwanamume naye angoje miezi kadhaa kabla ya kuzaa. Siku za kukaa mbali hazilingani kwa wote. Hutegemea kiasi cha dawa na watu waliomo nyumbani. Yaweza kuwa siku chache, na kwa habari ya watoto wadogo yaweza kuwa majuma mawili au zaidi. Mgonjwa na aulize, aandikiwe katika karatasi, wala asifuate siku za jirani.

Kwa nini watoto hasa? Kwa sababu tezi ya mtoto ni changa, nayo hudhurika upesi kuliko ya mtu mzima. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwaka wa 1986, iodini ya namna hii hii iliangukia majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, na baadaye wengi wao wakapata saratani ya tezi. Kiasi ambacho mtoto angepata kwa kukaa karibu na mama yake aliyetibiwa ni kidogo sana kuliko kile. Hata hivyo hakuna mama apendaye kumpa mwanawe hata hicho kidogo pasipo haja. Basi, ndugu, mama akimkataza mtoto kupanda magotini pake, hamfukuzi. Anampenda kwa kumweka mbali.

Lakini tuseme ni mama mwenye mume na watoto watatu, na mdogo ana miaka mitatu. Kutoka kitandani mpaka jiko ni kunyosha mkono tu. Pazia ndilo ukuta. Choo na bomba, kama ilivyo katika baadhi ya mitaa yetu ya zamani, ni vya nyumba nyingi. Maji huja siku fulani, na siku nyingine ni mtungi wa lita 20 wa kununua. Apitishe maji mara mbili kwa maji gani? Alale peke yake wapi? Arudi nyumbani kutoka hospitali ndani ya matatu, bega kwa bega na mwanamke mwenye mtoto mgongoni? Mama huyu akiyatazama maagizo yale, aweza kusema moyoni, "Tiba hii si ya watu kama mimi," akairudisha karatasi ndani ya mkoba, akaendelea kutetemeka. Na tezi iliyozidi kazi isipotibiwa yaweza kuuharibu moyo, hata kuua.

Hapa ndipo nataka tufungue Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 12.

Mnaijua habari ile. Huko Haserothi, Miriamu na Haruni walimnung'unikia ndugu yao Musa kwa ajili ya mwanamke Mkushi aliyemwoa, na Miriamu akashikwa na ukoma. Musa akamwombea kwa maneno machache sana. Mungu akaagiza Miriamu afungiwe nje ya kambi siku saba, kisha arudishwe.

Kosa la Miriamu silo ninalolitazama asubuhi hii. Na mtu yeyote asitoke hapa akasema kwamba mwenye ugonjwa wa tezi ametenda dhambi kama Miriamu. Bwana Yesu aliulizwa swali la namna hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, Yohana sura ya 9, naye akalikataa. Ninalotaka mlitazame liko katika mstari wa 15, na wasomaji wengi hulipita mbio. Linahusu watu waliobaki kambini. Imeandikwa huko kwamba taifa lile zima halikusafiri mpaka Miriamu alipoletwa tena ndani.

Fikirini, wapenzi. Walikuwa jangwani. Walikuwa na wazee, watoto, kondoo na mbuzi. Njia ya kwenda Parani ilikuwa mbele yao. Kila mtu alikuwa na haraka ya kufika. Lakini hema hazikung'olewa. Watu wote walikaa siku saba kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekuwa nje. Naye Miriamu, kila asubuhi akiinua macho, aliziona hema zikiwa bado pale. Alijua ya kuwa yuko nje, lakini hakuachwa.

Kuwekwa mbali ni jambo moja, na kuachwa ni jambo jingine. Daktari ana haki ya kumweka mgonjwa mbali kwa siku alizozihesabu. Hakuna aliye na haki ya kumwacha. Na tofauti ya mambo haya mawili haiko mikononi mwa mgonjwa, wala haiko mikononi mwa daktari. Iko mikononi mwa kambi, yaani ninyi na mimi.

Basi kambi ifanye nini? Nitasema mambo ya kawaida tu.

Mzee wa kanisa wa mtaa, au mama wa kikundi cha wanawake, amtembelee mgonjwa kabla ya siku ya dawa, si baada yake. Waisome ile karatasi pamoja na mumewe. Waulizane, "Watoto watalala wapi?" Labda kuna nyanya yao Machakos au Murang'a. Labda kuna nyumba mbili za washirika pale pale mtaani ziwezazo kuwagawana, ili waendelee na shule. Au labda ni rahisi zaidi watoto wabaki na baba yao, na mama apewe chumba kwa mshirika ambaye wanawe wamekua wakaondoka. Siku ya kutoka hospitali, mwenye gari amchukue, mgonjwa akiketi nyuma, upande usio wa dereva, na pasiwe na mtoto wala mja mzito ndani ya gari. Vijana wa kanisa wamjazie mitungi ya maji kila jioni. Nauli, na fedha za hospitali ambazo bima haikulipa, zichangwe bila kutangaza jina lake kwenye matangazo ya Jumapili, kama hataki.

Chakula kiwekwe mlangoni. Lakini msikiweke na kukimbia kama watu waliotupa mfupa! Simameni uani, hatua chache, mumwite kwa jina, mumwulize amelalaje. Mpigieni simu. Waimbaji waweza kusimama nje wakaimba tenzi mbili. Sauti huvuka hatua hizo bila hatari yoyote. Na majirani wakiuliza kuna nini, jibu liwe fupi na la kweli: "Amepewa dawa ya tezi. Atakuwa peke yake siku kadhaa, kisha atatoka." Uvumi hukua penye giza.

Siku zikiisha, nendeni mkamlete. Hili ndilo jambo ambalo hatulifanyi. Tunadhani atajirudia mwenyewe. Lakini mtu aliyekwepwa huogopa kurudi. Amesikia vicheko kwenye bomba. Anafikiri watu watasogea kwenye benchi akiketi. Miriamu hakujirudia, aliletwa. Basi Jumapili ile wakina mama wawili wampitie nyumbani, waketi naye, mmoja kuume na mmoja kushoto, na wampe mkono mbele ya watu.

Najua pana wasikilizaji wanaouliza, "Je, Bwana Yesu hakumgusa mwenye ukoma? Kwa nini sisi tumwogope mgonjwa wa dawa?" Ni kweli alimgusa, Marko sura ya 1. Lakini angalieni alilofanya baadaye. Alimtuma kwa kuhani, akaonyeshe mwili wake na kufuata utaratibu uliowekwa. Huruma yake haikudharau utaratibu. Wewe ukimkumbatia mgonjwa kwa ushujaa siku ya pili, kisha ukaenda kumpakata mjukuu wako, hujaonyesha imani. Umemtia mgonjwa hofu tu.

Wengine husema kwamba kumeza dawa ya mionzi ni kukosa imani, tuombe basi. Tuombe kweli! Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamwambia kwamba amesikia maombi yake. Hata hivyo Isaya aliagiza tini ziletwe zikawekwe juu ya jipu, na mfalme akapona, 2 Wafalme sura ya 20. Maombi na dawa vilikaa chumba kimoja, wala havikugombana.

Na sasa neno kwako wewe unayengoja siku yako, au uliye peke yako chumbani asubuhi hii.

Usikate tamaa ikiwa moyo bado unapiga mbio. Dawa hii haifanyi kazi kwa siku moja. Huchukua majuma, pengine miezi, na wengine huhitaji kuimeza mara ya pili. Ukiwa umeagizwa vidonge vya kutuliza moyo, usiviache mwenyewe. Macho yakizidi kuuma au kutokeza, mwambie daktari upesi, maana dawa hii yaweza kuyazidisha kwa wengine. Na kama huvuti sigara usianze. Kama wavuta, acha, kwa ajili ya macho yako.

Tena, miezi ikipita, wengi huona jambo jipya. Mwili uliokuwa ukikimbia sasa hulegea. Huona baridi, huchoka, hunenepa, husinzia mchana. Tezi imetulizwa mno. Usidhani umerogwa mara ya pili, wala usidhani tiba imeshindwa. Jambo hili hutazamiwa. Utapimwa damu, nawe utapewa kidonge kidogo cha homoni ile ile ambayo tezi ilikuwa ikitengeneza, ukimeze kila asubuhi kabla ya kula, maisha yako yote.

Watu wengine huhuzunika wakisikia "maisha yako yote." Lakini kumbuka mana. Wana wa Israeli hawakupewa ya mwaka mzima. Walitoka asubuhi, wakaokota ya siku hiyo, na kesho wakatoka tena. Hawakuona haya kwa kuihitaji kila siku. Kidonge kile kiwe kwako kama mana: ukimeze, useme asante, uende kazini kwako.

Na usiku ule wa kwanza chumbani, unapomsikia mtoto wako akilia ng'ambo ya ukuta, na mikono yako inataka kumshika, mwambie Mungu hivyo hivyo ilivyo. Yeye hakuambiwa akae hatua mbili kutoka kwako. Mionzi haimzuii. Yuko ndani.

Ndugu zangu, katika mtaa wenu pana Miriamu fulani nje ya kambi leo. Labda ni huyu wa tezi, labda ni mwingine. Je, mmesafiri, au mmengoja?

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, tunawaleta kwako wote walio na ugonjwa wa tezi, na walio peke yao vyumbani kwa sababu ya dawa. Tuliza mioyo inayopiga mbio. Uwape hekima madaktari na wauguzi, na wote wanaoishika dawa hii kwa mikono yao. Uwalinde watoto walio mbali na mama zao, na mama wanaohesabu siku. Utusamehe kanisa lako kwa kunong'ona na kwa kupita haraka. Utufanye watu wanaongoja. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.